Mtu Aliyempa Mukashema Ng'ombe

Mukashema anakaa ghorofa ya pili hapa Busanza, Kigali, mimi nakaa chini yake, na dari yangu ndiyo sakafu yake. Kwa hiyo mambo yake nayasikia kabla sijayaona. Nikisikia kishindo najua anatwanga isombe, yaani kisamvu, maana kinu hataki kukiacha ingawa tumekatazwa kutwanga humu ndani. Nikisikia redio najua ameamka vizuri. Lakini mwezi huu dari yangu imenyamaza. Anatembea peku, taratibu, na nilipomuuliza kulikoni alinijibu kwamba hataki mtu yeyote ajue kama yupo nyumbani.

Mimi ni Jovia, fundi cherehani. Wote wawili tulikulia Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi wakimbizi wenye ng'ombe, tukarudi Rwanda tukiwa watu wazima. Tukitaka kusema jambo ambalo ngazi nzima isilidake, tunasema Kiswahili cha kule. Ananizidi umri, namwita dada. Mume alishafariki, ana binti mmoja tu, Kaliza, mwalimu wa chekechea. Kaliza ameposwa na kijana wa Kagugu anayeitwa Eddie, na Jumamosi hii ukoo wa Eddie unakuja kwetu kwa gusaba, siku ya kumwomba binti mbele za watu na kukabidhi ng'ombe wa mahari.

Nguo za siku hiyo nazishona mimi. Leo ni Alhamisi, na mushanana ya mama wa bibi harusi, vazi letu la sherehe la kufunga begani, iko mapajani mwangu, rangi ya kahawa, imebaki kupindwa pindo. Nimejidunga sindano mara nyingi kuliko nilipokuwa najifunza kazi. Kila gari likisimama pale chini naiweka nguo kando nikachungulie dirishani, halafu narudi kukaa. Nitaeleza kwa nini, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, kwa sababu na mimi nilianza kwa kucheka.

Kabla ya kuhamia kwenye maghorofa haya, Mukashema alikuwa na kijumba bondeni na nyuma yake banda lenye ng'ombe mmoja. Ghorofani ng'ombe hapandi. Alimuuza wiki ile ya kuhama, na siku aliyompeleka kwa mnunuzi alirudi na kamba mkononi, akaitundika msumarini sebuleni, na mpaka leo ipo pale. Alikonda. Alikuwa anaamka alfajiri, anavaa mabuti, halafu anakumbuka hana pa kwenda. Kaliza alipoona mama yake anaisha hivi hivi akamwekea mchezo kwenye simu, unaitwa Urwuri, yaani malisho.

Ukiingia kwenye mchezo huo unapewa kilima na ng'ombe mmoja aliyekonda. Unamlisha, unamnywesha, akinenepa anatoa maziwa, na maziwa yanageuka sarafu. Sarafu zenyewe si za kuchezea tu. Wapo watu wanaozinunua kwa pesa halisi, wanakutumia kwenye simu yako, na ng'ombe nao wanauzwa na kununuliwa kama mnadani. Vijana wengi wa mjini wanaishi kwa mchezo huo, au wanasema hivyo. Ila hakuna kijana aliyemfikia Mukashema. Wao walikuwa wanabonyeza tu, yeye alikuwa anachunga. Aliwapa ng'ombe wake majina, akawagombeza kwa sauti nikimsikia kutoka chini, na akawa hauzi mtamba hata abembelezwe vipi. Maziwa ya simu yakaanza kumlipia umeme.

"Dada," nikamtania, "siku ng'ombe wako wakiugua tutakaa giza ngazi nzima?"

"Hawaugui," akanijibu bila kucheka. "Nawaogesha."

Nasema tena, usicheke. Hata kwenye gusaba za Kigali siku hizi ng'ombe haonekani. Mahari yamo kwenye bahasha, lakini anatokea mchungaji wa kukodi na kofia yake na fimbo yake, anaapa kwamba amewakagua ng'ombe huko nje, anawataja kwa majina, anawasifia pembe na mwendo, na wazee wanatikisa vichwa kwa raha. Nje kumejaa magari tu. Kwetu sisi ng'ombe asiyeonekana si jambo la ajabu, na hapo ndipo Mukashema alipokwama.

Kilima chake kwenye mchezo kilipakana na kilima cha mtu aliyejiita Rugaju. Sura hana, ana picha ya fimbo ya kuchungia. Kwa muda mrefu walikuwa wanasalimiana kwa maandishi, asubuhi na jioni, kama majirani wa kweli. Alikuwa na adabu. Alimwita mubyeyi, mzazi. Alijua kusifu ng'ombe kwa maneno ya zamani ambayo vijana hawayajui tena, na Mukashema alikuwa ananisomea maneno yake huku macho yamemlowa. Siku moja mchana nikasikia juu yangu miguu inakanyaga sakafu kwa mdundo. Nikapanda mbio nikidhani ameanguka. Nilimkuta katikati ya sebule, mikono ameinyanyua juu kama pembe, anacheza peke yake.

"Amenipa ng'ombe!" akapiga kelele. "Jovia, Rugaju amenipa ng'ombe!"

Akanionyesha. Kwenye kilima chake alikuwa amesimama mtamba wa kinyambo, mwekundu wa kukoza, pembe ndefu, na doa jeupe kwenye paji la uso. Wa aina hiyo kwenye mchezo walikuwa ghali, watu wanawaota tu. Rugaju hakuomba kitu. Aliandika tu: Mubyeyi, kilima chako kinastahili ng'ombe huyu. Mukashema akamwita Bihogo, jina la ng'ombe wa mama yake kule Karagwe, na mimi, kwa mdomo wangu huu usiojua kutulia, nikamwambia hata mchumba hajawahi kuletwa kwa shangwe namna hiyo.

Kwetu mtu akikupa ng'ombe mambo hayaishi kwa asante. Jina lake unaliapia. Ukishtuka unalitaja, ukifurahi unalitaja. Ng'ombe akizaa unamrudishia ndama, ndiyo kwitura, na hata ukishamrudishia mmebaki ndugu. Huwezi kumkatalia jambo. Huwezi kumshuku. Wazee wetu waliishi hivyo, na mtoto wa mfugaji analijua hilo kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo Bihogo alipozaa, Mukashema hakulala na deni hilo, akamwandikia Rugaju kwamba ndama ni wake. Rugaju akakataa. Akasema baki naye, mubyeyi, ila kama unataka kunitendea wema, simu yangu ina matatizo, na wapo wanaonunua ng'ombe na sarafu kwangu. Naomba walipie kwenye namba yako, na wewe unitumie. Akamwomba Mukashema na picha ya kitambulisho chake, eti mchezo unataka kujua namba ni ya nani.

Alimtumia. Nilimwuliza, "Dada, mtu huyu humjui hata sura, unampaje kitambulisho?"

Akanitazama kama mtu niliyemtukania mama. "Alinipa ng'ombe," akasema, na mazungumzo yakafungwa.

Pesa zikaanza kuingia na kutoka. Hakubakiza hata sumni, hilo naweza kuliapia mbele ya yeyote, kwa sababu nilikuwa namwona akizituma pale pale, kwa haraka ya kumridhisha. Alikuwa na furaha. Alimweleza Rugaju habari zote za nyumbani: Kaliza, Eddie, tarehe ya gusaba, ukumbi wa wazi hapa chini ya maghorofa. Na alimwalika. Aliyekupa ng'ombe hukosi kumwalika kwenye shughuli ya binti yako, tena unamweka mbele.

Kisha mtu anayeitwa Shafiq akapiga simu. Siku hiyo nilikuwa nampima Mukashema kiuno, mikono yake iko juu, simu iko mezani, akaniambia nimpokelee na niweke sauti ya wazi. Akaitika kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho tulichokuwa tunaongea.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Mama, shikamoo. Mimi naitwa Shafiq, niko na duka ya vitambaa hapa Muhima." Sauti ya mtu mzima, mpole, ya mtu aliyezoea wateja. "Nilinunua ng'ombe kwa ile mchezo ya Urwuri, nikatuma pesa kwa simu yako. Sasa naomba unambie, ng'ombe yangu iko wapi?"

"Umekosea namba, baba."

"Siko nakosea, mama. Nilipotuma, jina yako ilitokea. Mukashema. Siyo wewe?"

Kiuno nilichokuwa nimekishika kikawa kigumu kama ubao. Nikaikata simu mimi, na tukabaki tumesimama, utepe wa kupimia umemzunguka, hakuna anayethubutu kuutoa.

Tangu siku hiyo Shafiq alikuwa akipiga kila siku baada ya swala ya adhuhuri. Hakutukana hata mara moja. Afadhali angetukana, tungempandishia sauti na sisi. Alikuwa anasalimia, anauliza hali, halafu anarudia swali lake lile lile, ng'ombe yangu iko wapi, mama. Wengine wakafuata, mwanamke mmoja analia, kijana mmoja anatisha. Mukashema akawa anaificha simu ndani ya ndoo ya mchele na kuifunika. Ikiita, mchele unanguruma, na yeye anashika ukuta. Aliacha kutwanga. Aliacha redio. Ndipo alipoanza kutembea peku.

Alimwandikia Rugaju kumwuliza ng'ombe wa watu wako wapi. Jibu lilikuja la upole, asiwe na wasiwasi, ni mtandao tu unasumbua. Akamwandikia tena kwamba anaomba kupumzika, namba yake isitumike tena. Safari hii jibu halikuanza na neno mubyeyi. Alinisomea kwa sauti ya chini sana: Nilikupa ng'ombe. Kitambulisho chako ninacho. Kila pesa iliyoliwa imepita kwako, si kwangu. Gusaba ya Kaliza naijua siku yake na mahali pake, na ulinialika mwenyewe. Endelea kutuma.

"Twende polisi," nikasema. "Sasa hivi. Navaa viatu."

Akanishika mkono. Nguvu za mkono ule sikuzijua. "Na wakinifunga? Ukoo wa Eddie uje kumposa binti wa mwizi? Jovia, unawajua watu wa Kagugu wale, baba yake Eddie anauliza habari za mtu mpaka za babu yake. Ngoja Kaliza aombwe kwanza. Nikishamkabidhi, waje wanichukue na mushanana yangu mwilini, sitasema neno."

"Na Kaliza anajua?"

"Ukimwambia, hatutazungumza tena mimi na wewe."

Basi nikanyamaza, mimi ambaye sijawahi kunyamaza. Na hofu yake ikanishukia mimi chini, kama maji yanayovuja. Nikawa nasikiliza ngazi. Nikiona mtu nisiyemjua anasoma namba za milango, natoka na kumwuliza anamtafuta nani, kwa ukali, na wengi walikuwa mafundi wa maji tu, maskini. Mukashema akaendelea kupokea na kutuma, sasa kwa woga badala ya furaha. Uso ulimbadilika. Nililazimika kuipunguza ile nguo mara mbili.

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, nchi nzima inapotoka kufanya kazi za pamoja. Hapa hakuna anayebaki ndani siku hiyo. Tuliteremka wote na majembe, tukazibua mifereji na kufyeka nyasi za kando ya barabara, Mukashema katikati yetu, mimi na Kaliza, nikimficha nisijue namficha asionwe na nani. Kazi ilipokwisha tukakusanyika kivulini kwa mkutano. Mkuu wetu wa mudugudu, yaani mtaa, ni mzee Mutsinzi, karani mstaafu, mtu wa suti hata akishika jembe, na ndiye tuliyemwomba awe msemaji wa upande wa bibi harusi siku ya gusaba, kwa vile ulimi wake ni mtamu. Alizungumza kuhusu taka, kuhusu bima ya afya, kuhusu watoto wanaopiga mpira ukutani. Kisha akakohoa.

"Tuna mgeni," akasema. "Ana shida, na ameniomba dakika mbili aieleze mbele yenu."

Mtu akajitokeza nyuma ya umati. Kofia ya kufuma kichwani, viatu vina matope. Alikuwa amelima na sisi tangu asubuhi na hatukumjua. Alipofungua mdomo tu, sauti ile niliijua. Ilikuwa inaita kutoka kwenye mchele kila siku baada ya adhuhuri.

Alisema kwa Kinyarwanda, kwa utaratibu, kwamba yeye ni mfanyabiashara, hakuja kumwaibisha mtu. Alisema amedhulumiwa kwenye mchezo wa ng'ombe, yeye na wenzake, na pesa zote zimepita kwenye namba moja, na ameambiwa mwenye namba anakaa kwenye maghorofa haya. Alikuwa hataki kwenda mlango kwa mlango. "Jina sitalitaja, nitaitaja namba," akasema. "Anayeijua anisaidie." Akatoa simu mfukoni, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wenye miwani waliyoisahau nyumbani, akaanza kusoma.

Tarakimu za mwanzo kila mtu anazo. Watu wakasubiri. Akasoma iliyofuata, na iliyofuata. Nikamwona Kaliza anainua kichwa, anakunja uso, kwa sababu namba ya mama yake mtu anaijua kwa moyo. Nilitaka kupiga kelele, nianguke, nijifanye nimepatwa na kifafa, chochote. Na hapo ubavuni kwangu nikasikia jembe linaanguka chini.

"Imetosha," Mukashema akasema. "Namba ni yangu."

Alitoka akaenda kusimama mbele ambapo kila mtu angemwona. Kaliza alisema "Mama?" mara moja tu. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee Mutsinzi akanyanyua mkono wanyamaze.

"Mama Kaliza," akamwuliza, "ulimpaje mtu namba yako aibie watu?"

"Sikujua anaiba. Nilipojua, aliniambia atakuja kwenye gusaba ya binti yangu." Alikuwa anamtazama Kaliza. "Nilimwamini kwa sababu alinipa ng'ombe."

Vijana wa nyuma wakacheka. Ng'ombe wa simu, mmoja akasema, bibi amehongwa ng'ombe wa simu. Mukashema akawageukia, na nilidhani atalia, lakini alieleza yote, kilima, salamu za asubuhi, Bihogo, ndama aliyekataliwa. Kadiri alivyoeleza, kicheko kikafifia. Mzee Mutsinzi hakucheka tangu mwanzo. Alikuwa amesimama na daftari lake la mahudhurio kifuani, na jasho lilimtoka ingawa tulikuwa kivulini.

"Huyo Bihogo wako," akamkatiza, na ule ulimi wake mtamu ulikuwa umekauka. "Ana doa jeupe kwenye paji la uso?"

"Ndiyo."

"Na ndama ulipomrudishia, alikataa?"

Mukashema akaitikia kwa kichwa. Mzee Mutsinzi akaketi juu ya ukingo wa mfereji, na suti yake, kwenye matope. Akatoa simu yake. Hakusema kwamba hata yeye alipewa ng'ombe, hakuhitaji kusema. Nyuma yake mke wake akajifunika uso kwa kanga. Na nikaona mwanamume mmoja wa jengo la pili anarudi nyuma hatua moja, halafu mwanamke mmoja, wanashika mifuko yenye simu zao, wanatazama chini. Sikuwa nimewahi kuwaogopa majirani zangu. Pale niliwaogopa, na niliona na wao wanatuogopa.

Shafiq alikuwa bado amesimama na simu mkononi. Alimsogelea Mukashema, na Kaliza akaruka katikati yao, lakini Shafiq akatikisa kichwa tu.

"Mama, namba ya yule mutu unayo?" akamwuliza kwa Kiswahili.

"Ninayo."

"Mupigie. Tumusikie wote."

Akapiga, sauti ikawekwa ya wazi. Iliita mara chache, ikapokelewa. Sauti ya mwanamume, ya kawaida kabisa, unayoweza kuisikia kwenye foleni ya mkate. "Mubyeyi," ikasema.

"Rugaju," Mukashema akasema. "Ng'ombe wako ninamrudisha."

Wazee waliokuwepo wakaguna kwa pamoja. Kumrudishia mtu ng'ombe aliyekupa ni kumwambia undugu umekufa, ni neno zito, wengine tulikuwa tumelisikia kwenye masimulizi tu. Upande wa pili nilisikia majembe yanagonga mawe na watu wanaongea, lakini siku ile majembe yalikuwa yanagonga nchi nzima, na wapo waliokuwa hawajamaliza.

"Mama Kaliza," sauti ikasema taratibu, "tutaonana Jumamosi. Ulinialika." Simu ikakatwa.

Tulikwenda ofisi ya upelelezi siku ile ile, Mukashema, mzee Mutsinzi, Shafiq na mimi wa kubeba maji ya kunywa. Walitusikiliza mpaka jioni. Hawakumfunga mtu. Walikagua simu, wakaandika, wakamwambia Mukashema asisafiri, na kwamba suala lake halijaisha. Kisha yule afisa akauliza habari za gusaba, akafikiri, akasema isiahirishwe. Watakuja na wao, watu wao wamevaa suti kama wageni wengine.

Baba yake Eddie alipata habari kabla hatujarudi nyumbani. Alipiga simu kwa mzee Mutsinzi, akasema watakuja kama walivyoahidi. Hakusema zaidi ya hapo. Kaliza analala kwangu siku hizi, hasemi na mama yake sana, lakini asubuhi namwona anapanda na chai, na jana nilisikia watu wawili wakitembea juu, mmoja peku na mmoja na viatu. Kwenye mchezo Bihogo amekwisha kurudishwa. Ndama amebaki. Mukashema ameniuliza ndama amfanyeje, na mimi fundi cherehani nitajuaje.

Leo mchana wameleta viti na mahema. Mzee Mutsinzi alipanga mistari mwenyewe, na alipofika mstari wa mbele akasita, akamwuliza Mukashema kuhusu kiti cha Rugaju. Akasema kiwekwe. Alimwalika mtu, na mwalikwa hakosi kiti. Basi kiti cha Rugaju kipo pale, kina kitambaa cheupe kama vingine, upande wa kushoto atakaa afisa, na Shafiq amepiga simu kuomba akae upande wa kulia.

"Mwache akuje, mama," alimwambia. "Na mimi nitakuja. Tutakaa naye."

Kutoka dirishani kwangu nakiona. Majirani wanapita kandokando yake na ndoo zao, wengine wanakwepa, wengine wanajifanya hawakuona. Mukashema anasema anaogopa kiti kile kisije kikabaki tupu siku nzima, tukaishi hivi hivi tukisikiliza ngazi. Mimi naogopa atokee mtu, aketi, anyanyue uso, na wote tuwe tunamjua jina.